Somo la Kumi na Mbili

Akina mama, na nyie akina baba mliosimama kule mlangoni kama mnaogopa mikeka, asalaam aleikum. Mnaosali Jumapili, muraho neza. Nimeambiwa niseme kidogo. Kusema kidogo mimi sijui, mtanivumilia. Majina ya watu sitayataja, maana wengine hawapo tena na wengine wamo humu humu na watanuna.

Wengi mnanijua kama fundi cherehani wa hapa Biryogo. Wengine mnaijua sauti yangu tu, uso mmeuona leo, na nimewaona mlivyoshangaa. Mlidhani ni mwanamke mnene. Haya, ndiye mimi.

Mwaka tisini na moja, vita vikiwa kule kaskazini na sisi huku mjini bado tunauza na kununua, ilikuja ofisi moja na mradi wa utafiti. Walitaka kujua jambo moja: mtu mzima aliyekosa shule utotoni, anaweza kujifunza kusoma kwa kaseti bila mwalimu kukaa mbele yake? Kule Gatsata na Gahanga walijaribu kwa Kinyarwanda. Sisi hapa, kwa vile mtaa huu Kiswahili ndicho cha nyumbani, tukapewa jaribio la Kiswahili. Wakatafuta mwanamke mwenye sauti inayosikika. Mimi nilikuwa nafundisha watoto wa madrasa, na watoto wale bila sauti huwawezi. Nikachaguliwa.

Kazi ilikuwa hivi. Naingia chumba cha ofisi kilichotundikwa mablanketi ukutani, nasoma swali, nanyamaza, nasoma jingine. Katika kile kimya ndipo wanafunzi wanajibu. Kaseti inapelekwa darasani, redio inawekwa katikati ya mkeka, akina mama wanaizunguka, na mimi niko nyumbani kwangu napiga cherehani. Mara nyingine ofisi iliweka redio ya pili pembeni, yenye kurekodi, ili wasikilize baadaye darasa limejibu vipi.

Kaseti ya kwanza ilishindwa kabisa. Akina mama wote walikosa swali la kwanza, na wale mabwana wa utafiti wakaanza kusema labda watu wazima wa mtaa wetu ni wagumu. Nilipoisikiliza ile ya majibu nilicheka hadi machozi. Kaseti ilianza na asalaam aleikum, halafu bila kupumua ikaingia kwenye swali. Nani katika sisi anaachia salamu ipite hivi hivi? Wote waliitikia, waalaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh, tena kwa kutulia, na mwingine akaniuliza na watoto wangu hawajambo. Swali likapita wakiwa bado wananijulia hali. Nikarudi ofisini nikawaambia, mkitaka watu wajifunze, acheni kwanza nafasi ya kuitikia. Tangu siku hiyo kila kaseti ilianza na salamu, kisha kimya kirefu.

Sasa nawaambieni, ndugu zangu, kulikuwa na kitu ndani ya mambo yale kilichonitia baridi tangu mwanzo. Napita njiani na kikapu cha vitambaa, najisikia ndani ya nyumba nikiita watu. Nauliza swali, nanyamaza, wananijibu, nawasifu, na miguu yangu iko nje kwenye vumbi. Siku moja mdogo wangu alikuja sokoni akanikuta, akasimama ananitazama tu. Alikuwa ametoka kunisikia nafundisha. Alinishika mkono aone kama una joto.

Na yule bibi kizee aliyekuwa mwanafunzi wetu mtundu, akaniuliza mbele ya wote, "Mwarimu, siku utakufa, hii itaendelea kusema?"

Nikasema ndiyo, itaendelea.

"Na sisi? Tukifa tutaendelea kujibu?"

Darasa zima lilicheka. Mimi pia nilicheka.

Tulifika somo la kumi na moja mwaka huu wa tisini na nne, baada ya Idi. Ofisi ilirekodi majibu ya siku ile. La kumi na mbili lilikuwa la kusoma maagizo ya dawa, asubuhi, mchana, jioni, kabla ya kula, baada ya kula. Akina mama walilitamani sana hilo. Nilikuwa nirekodi wiki inayofuata. Ikaja Aprili.

Ya Aprili mnayajua na sina haja ya kuwafundisha. Wanafunzi wangu waliokuwa Watutsi waliuawa, wengine kwenye vizuizi, wengine majumbani mwao. Wengine tuliwaficha mtaani humu, na si wote waliofichika. Bibi kizee yule aliuawa. Wengine walikimbilia Zaire, na habari tulizopata kutoka huko zilikuwa za kipindupindu. Mimi nilibaki hai, na mdogo wangu.

Mwezi wa saba, kulipotulia, nilikwenda kwenye chumba cha darasa. Redio zote mbili zilikuwa zimeibwa. Mikeka imeibwa. Chini ya benchi lililopinduliwa nikaokota kaseti moja, ile ya majibu ya somo la kumi na moja.

Niliazima redio kwa jirani. Betri zilikuwa zimekufa, nikazianika juani juu ya bati kama tunavyofanya, zikapata nguvu kidogo. Nikafunga mlango mchana kweupe, nikabonyeza.

Nikajisikia nikisalimia. Halafu wakaitikia. Wote.

Betri zile za kuanikwa zilikuwa dhaifu, basi sauti zikaja nzito na za polepole, kama watu wanaosemea ndani ya mtungi. Lakini nilimjua kila mmoja. Niliwauliza nani yupo leo, nao wakajibu mmoja baada ya mwingine, mimi hapa, mimi hapa. Bibi kizee akapiga chafya. Na mwishoni, wakiwa wote wamekwisha kujibu, ikaja sauti moja ya chini, imechelewa, nisiyoijua. Ikasema, "Na mie hapa."

Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Darasa lile nililijua kama vidole vyangu. Hakuna mwanamke mwenye sauti ile. Kila swali ilikuwa inakuja mwisho, wenzake wakishanyamaza, taratibu, na jibu lake lilikuwa sahihi. Hata salamu aliitikia wa mwisho kabisa, na kwa namna yake: "Warekumu saramu."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoanguka. Kuna wanaoanguka kwa pombe, mimi nilianguka kwa kaseti. Kila siku naanika betri, nafunga mlango, nauliza, wananijibu. Baadaye nikaanza kujibu nao. Mimi mwalimu nauliza, mimi mwanafunzi naitikia, na ile sauti inamalizia nyuma yangu. Nikajiambia huyo ndiye anayewahesabu, anapita akihakikisha wote wamefika, na siku moja ataniambia kwamba nafasi yangu iko wazi. Niliogopa sana, na kesho yake nilianika betri tena.

Cherehani ikaota kutu. Mdogo wangu akiniita sijibu, kwa sababu nilikuwa nangojea swali. Siku moja aliweka ugali mbele yangu akasema, "Dada, mimi sina kaseti. Niko hapa tu. Nijibu." Nilimwona midomo inavyotembea. Nilitaka kumjibu na sikuweza, na aliondoka analia. Hilo linaniuma hadi leo.

Mwezi wa kumi akaja kijana mmoja wa ofisi, Mnyarwanda aliyelelewa Tanzania, amerudi na waliorudi. Akaniamkia shikamoo hadi nikashtuka. Alikuwa amekuta kaseti za masomo kabatini, la kwanza hadi la kumi na moja, amezisikiliza zote, na alikuwa ameulizia mtaa mzima sauti hii ni ya nani. "Mama, mradi unaanza upya," akasema. "Wajane wamejaa, kila mmoja na watoto wasio wake, na kwenye zahanati wanapewa dawa wasizojua kusoma maelezo yake. Juzi mtoto amepewa dozi ya mtu mzima. Tunaomba somo la kumi na mbili."

Mdogo wangu alinivalisha, akanipeleka. Chumba kile kile, mablanketi mapya. Nikasema asalaam aleikum, nikanyamaza kuacha nafasi ya kuitikia.

Wakaitikia. Niliwasikia ndani ya mablanketi, wazito, polepole. Nikangoja wamalize. Nikangoja ile ya mwisho. Kijana akagonga kioo, "Mama, endelea, kimya kimezidi." Tukaanza upya. Salamu, kimya, na mimi nimekwama pale. Alinirudishia kile alichorekodi nikisikilize, na mle ndani baada ya salamu yangu hamkuwa na kitu chochote, hata pumzi. Nadhani kile kimya kitupu kilinitisha kuliko sauti zenyewe. Tulijaribu hadi adhuhuri. Kijana alikuwa na adabu, ila nilimwona anakunja waya zake. Alikuwa atafute sauti nyingine, na haki yake.

Mdogo wangu akamwomba, "Jaribu naye kule darasani. Pale alipazoea." Wakabeba redio tukaja humu humu. Chumba kitupu, hakuna mkeka, dirisha lile pale halina kioo. Kijana akabonyeza, akanipa ishara.

Nikasema asalaam aleikum.

Kimya.

Halafu, imechelewa, ya chini: "Warekumu saramu."

Nilimtazama kijana nikijua hakusikia. Lakini kijana alikuwa amegeuka anatazama dirishani. Mdogo wangu pia. Nami nikageuka. Chini ya dirisha, nje, alikuwa amesimama mwanamke na gunia la makaa kichwani, uso mweusi wa vumbi la makaa, mtoto mchanga mgongoni.

"Mama mwarimu," akasema, "umerudi? Somo ya kumi na mbiri iko?"

Mdogo wangu ndiye aliyemuuliza anatujuaje.

"Mie nauzaga makaa hapa chini ya dirisha tangu mumeanza. Nasikia, najibu. Naandika na makaa kwa ukuta."

"Kwa nini hukuingia?"

Akatazama miguu yake. "Mikeka yenu ni safi. Na mie niko Mukristo, nirizani ni ya Waislamu. Mukisalimia, najibu tu, si ni heshima?"

Kijana alitoka nje akaenda kuukagua ukuta. Herufi zilikuwepo, zimefifia kwa mvua, moja juu ya nyingine, somo juu ya somo. Ofisi ilikuwa imeuliza kama mtu mzima anaweza kujifunza bila mwalimu kumwona, na aliyejifunza vizuri kuliko wote hakuwamo hata kwenye hesabu ya darasa.

Yule mama akashusha gunia. Mtoto wa mgongoni alikuwa wa jirani yake aliyeuawa. Akatoa bahasha ya dawa ya zahanati, imekunjwakunjwa. "Maneno marefu yananishinda. Karibu kila mutu nimemuogopa kumuomba anisomee. Wewe nakujua sauti. Mutoto anaungua."

Nawaambieni, hapo ndipo nilipomjibu mtu aliye hai. Nilimwambia ingia. Akasema atachafua. Nikasema mikeka imeshaibwa, ingia. Akakaa sakafuni mbele yangu na mtoto mapajani, kijana akabonyeza, nikasalimia, akaitikia, nikaendelea na somo la kumi na mbili hadi mwisho bila kukwama. Somo ni la Kiswahili na bahasha iliandikwa Kinyarwanda, ila herufi ni zile zile. Aliisoma mwenyewe kwa kidole, silabi kwa silabi. Alipofika kwenye baada ya kula akasimama.

"Mie nampaga mbere ya kula," akasema. "Ndiyo maana anatapika."

Mtoto alipona. Ndiye yule anayenyonya utepe wangu wa kupimia nguo.

Na kaseti mnayoisikia madarasani sasa, mkisikia nyuma ya sauti yangu kuna mtoto analia, ni huyo. Kijana alitaka kumfuta. Nilikataa.

Namshukuru mdogo wangu, aliyenipikia miezi yote ile na mimi simjibu. Namshukuru kijana aliyekunja waya zake na bado akakubali kuzikunjua. Namshukuru huyu mama wa makaa. Ile kaseti ya majibu ya wenzetu nimempa yeye aitunze. Ndugu wa waliomo ndani yake wakitaka kuwasikia, wanakwenda kwake, wanakaa pamoja. Peke yangu siigusi tena.

Ninachowaomba ni hiki. Kama nyumbani kwenu yuko mtu anayekaa zaidi na waliokwenda, msimfokee na msimnyang'anye alichoshika. Mpelekeeni mtu anayemhitaji. Mimi sikuponywa na maneno ya faraja, nilipewa mengi na yote yalinipita. Niliponywa na bahasha ya dawa na mtoto mwenye homa.

Sitawadanganya kwamba sizisikii tena zile sauti. Nazisikia, hasa mchana kukiwa kumetulia na cherehani imenyamaza. Zikianza, natoka nyumbani naenda popote penye watu. Basi mkiniona nabisha hodi kwenu bila jambo lolote, msiniulize nimefuata nini. Nifungulieni tu.