Dakika Kumi na Mbili za Kuvutana Bei

Ndugu zangu wa soko, jambo hili lilinigharimu dakika kumi na mbili. Nimezihesabu mara mbili, hazipungui.

Mnanijua. Nauza viatu vya mitumba hapa Malaba, na sijawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza. Mchana huo mke wangu, mwenye mimba ya miezi minane, alianza kukosa pumzi. Nikamkalisha juu ya robota la viatu, nikasimamisha teksi ya kwenda hospitali.

"Elfu mbili, boss," dereva akasema.

"Elfu moja."

"Mama anahema hivyo, na wewe unaleta mambo ya soko?"

Nikafanya ile yetu: nikampa mgongo, nikatembea polepole nikingoja aniite. Mnacheka kwa sababu mnaijua. Hakuniita. Aliwasha gari akaenda. Kupata lingine kulichukua dakika kumi na mbili, na dereva wake nilimlipa elfu mbili na mia tano bila kubishana.

Tulipofika mlango wa hospitali, mkono wa mke wangu ukalegea ndani ya wangu. Moyo wake ulikuwa umesimama. Nesi akapanda juu ya kitanda cha magurudumu, akaanza kumbonyeza kifua. Daktari, msichana ambaye ningemuuzia viatu vya shule, akaitisha kisu.

Hata hapo nilijaribu kuvutana. "Daktari, si tungoje kidogo aamke?"

"Mzee, simama kando. Mtoto akibaki ndani, damu hairudi vizuri kwa moyo. Tutawapoteza wote wawili."

Hawakufika thieta. Walimpasua pale pale kwenye korido, nesi bado anabonyeza kifua, mwingine akiita dakika kwa sauti. Kabla hajaita ya tano, mtoto alikuwa nje, rangi ya majivu, kimya. Wakamsugua, akalia. Kisha nesi akasema, "Ngojeni. Nimepata mapigo."

Nilikaa chini sakafuni.

Baadaye daktari aliniuliza mbona tulichelewa. Nikasema malori yalikuwa yameziba barabara. Hapa Malaba, nani angebisha?

Leo mke wangu ana nguvu, na msichana wetu anatambaa. Nawashukuru wale wa korido, na nyinyi mliojitokeza kutoa damu. Nimejifunza kwamba kuna bei mtu anatajiwa, na analipa.

Lakini mke wangu humwambia kila mtu, "Mume wangu alinikimbiza." Hakumbuki ile teksi ya kwanza. Nami huitikia kwa kichwa.

Sasa nimewaambia nyinyi, watu arobaini na mmoja, na nawajua: habari itafika nyumbani kabla yangu. Basi nishaurini upesi. Nikifika mlangoni, nianze na neno gani?