Mama Vua Shati, Mkunga Wetu

Wapendwa mliokuja kulia pamoja nasi, familia imeniagiza niwasomee safari ya mama yetu, si ili tumtukuze yeye, maana hilo angelikataa kwa ukali mnaoujua, bali tumche Mungu aliyemfinyanga.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1949, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkewe mkulima, akasoma shule ya misheni, kisha chuo cha ukunga alikohitimu mwaka 1971, na mwaka uliofuata akafunga ndoa na fundi wa kuchomelea vyuma, wakajaliwa watoto wanne. Wa kwanza alizaliwa kabla ya miezi kutimia, akaviringishwa blanketi, akalazwa peke yake mezani kama ilivyokuwa desturi ya wodi, na kabla ya jua kuchwa alikuwa amepoa. Tangu hapo marehemu alishikilia kwamba blanketi halina joto la kumpa mtu, hulinda tu lile lililopo.

Alitumikia hospitali ya serikali hadi alipostaafu mwaka 2004, na sisi tukidhani sasa atapumzika, akaenda kujitolea bila mshahara katika zahanati ya ng'ambo ya mto, yenye vitanda viwili vya kuzalishia, maji ya ndoo, na isiyo na mashine ya kuwatunza watoto njiti, wale wazaliwao kabla ya wakati. Mkunga kijana aliyeingia na kucha ndefu alirudishwa mlangoni, lakini mama mwenye uchungu hakusikia kwake neno la kumdhalilisha, maana alisema chumba kile ni madhabahu, na madhabahuni hatukanwi mtu.

Mwaka 2006, mchana wa mvua, mama mmoja alijifungua njiti wa kike, mdogo kama kiatu, kisha damu ikaanza kumtoka kwa wingi, na marehemu alikuwa peke yake kwenye zamu, mikono yote miwili ikihitajika kwa mama. Blanketi lilikuwa pale mezani, hakuligusa. Alimwita mlinzi wa geti, mwanamume aliyeogopa hata kupita karibu na dirisha la wodi, naye akajitetea kwamba ameajiriwa kulinda geti, si watoto.

"Geti halifi kwa baridi, baba," alimwambia bila kuinua kichwa. "Vua shati."

Akavua, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtoto kifuani, koti juu yao, akitetemeka kuliko huyo mtoto, huku marehemu akilikanda tumbo la uzazi na kumlilia Bwana, mpaka damu ikakoma, wakaishi wote wawili, mama na mtoto. Kama Elisha alivyojinyoosha juu ya mtoto wa Mshunami hata mwili ukapata moto, ndivyo mlinzi wa geti alivyofanywa nabii kwa mchana mmoja. Baada yake waume, wakwe, hata dereva wa gari la wagonjwa walivuliwa mashati, na jina la Mama Vua Shati likashika.

Moyo wake ulianza kudhoofika mwaka jana, na wiki ya mwisho alilalamika baridi, tukamrundikia mablanketi kama Mfalme Daudi uzeeni, asipate moto. Ndipo binti wa siku ile ya mvua, ambaye leo ameketi nyuma ya jeneza, alipoyaondoa yote, akapanda kitandani, akamkumbatia kifua kwa mgongo.

"Sasa nimepata joto," marehemu alisema, akasinzia, na asubuhi ya tarehe 11 Agosti 2024 Bwana akamtwaa kutoka mikononi mwa binti huyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuchotea maji, wakunga wenzake, na mzee wetu wa geti, aliyeomba asinyimwe nafasi ya kubeba jeneza.

Mama, kifuani pa Bwana hakuna baridi, pumzika kwa amani.