Wimbi Lililopinda Upande wa Pili: Maisha ya Argiro Tzanaki

Ndugu, jamaa na majirani wa Arhanes, pamoja nanyi mliopanda kutoka Iraklio, familia imenituma mimi shemeji yake niwasomee maisha ya Argiro, naye mwenyewe aliniachia onyo nisimpambe, akisema kijiji hiki kila anayezikwa ni malaika, sasa wale waliokuwa wakigombea maji ya mashamba walikuwa akina nani.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa hapa kijijini, mtoto wa tatu wa fundi viatu Nikiforos na mkewe Kaliopi, akamaliza shule ya msingi mwaka 1970, kisha sekondari mjini, na mwaka 1976 akavuka bahari kwenda Thesaloniki kusomea fizikia, jambo lililomnunisha baba yake hadi Krismasi, kwa kuwa alishamtafutia mchumba mwenye duka. Tarehe 8 Septemba 1985 aliolewa na kaka yangu Sifis, mkulima wa zabibu asiye na duka, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1987, na tarehe 2 Juni 1989 Mungu akawajalia binti yao wa pekee, Erofili.

Mwaka 1996 aliajiriwa kwa mkataba katika maabara moja ya Iraklio, chini ya Profesa Vardaxis, na kazi yake ilikuwa hii: wimbi, la mwanga au la redio, likitoka kitu kimoja kuingia kingine hupinda, tena kwa upande unaojulikana, lakini wao walipanga pete ndogo za shaba na nyaya safu kwa safu, wakaunda kabari ambayo wimbi likipita ndani yake lingepaswa kupinda upande wa pili, kinyume na mazoea. Wenyewe huviita vitu vya mkono wa kushoto, nasi kilabuni tulimcheka Sifis kwamba mkewe analipwa kwa kufanya mambo kombo.

Mwezi Novemba 2002 kipokezi, chombo chao cha kunasa wimbi, kilionyesha wimbi limetokea upande wa ncha nyembamba ya kabari, pale pale walipoomba litokee, Vardaxis akamimina raki, pombe yetu kali, juu ya meza ya vyombo, na wote wakajua kwamba wakuu wa maabara watakapopiga kura mwezi Machi watampa Argiro ajira ya kudumu. Basi yeye akaanza kukosa usingizi, maana shaba humeza sehemu ya wimbi, na penye unene humeza zaidi, kwa hiyo hata kabari isiyopindisha chochote ingeweza kukidanganya kipokezi kilicho karibu kwamba wimbi limeegemea upande mwembamba, na dawa yake ni kupima kwa mbali, ilhali chumba chao kilikuwa finyu kama banda la kuku. Vardaxis alimsihi, "Argiro, dada yangu, pata kura kwanza, shaka utaitafuna baadaye," lakini mwezi Februari 2003 aliyaondoa matokeo kwa mkono wake yasichapishwe, naye profesa akamwambia mbele ya watu, "Umejikata mikono mwenyewe, mjinga wewe!"

Ajira ilikwenda kwa mwingine, na Septemba ile Argiro akaanza kufundisha sekondari. Iliuma, jamani, tusifiche. Kisha siku moja mezani Sifis akauliza, "Ghala letu la zabibu ni tupu hadi mavuno, urefu wake unakufaa?"

Walibandika sifongo nyeusi kuta nzima ili mawimbi yasirudi, majirani wakichungulia na kuuliza, "Sifis, mkeo anakausha nini humo, zabibu zisizoonekana?" na mwezi Juni 2006, kipokezi kikiwa mwisho kabisa wa ghala, wimbi lilikuwa bado upande ule ule, tena limezidi kusogea huko kadiri ya umbali, si hila ya shaba. Yale matokeo ya kwanza yalikuwa ya kweli tangu mwanzo. Wenzake wa nchi nyingine walishatangaza ya kwao, na mimi nilibwata kwamba amepoteza kazi bure, bure kabisa, naye akanitazama kwa huruma akasema, "Shemeji, mwaka ule nilibahatisha. Leo najua."

Alistaafu ualimu mwaka 2020, akaugua kongosho Oktoba 2023, na akafariki alfajiri ya tarehe 9 Februari 2024 hospitalini Iraklio, akiwa na miaka 65, ameacha mume, binti na mjukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomuuguza, walimu wenzake, majirani mliochemsha ngano ya kumbukumbu ya marehemu na kutuletea kahawa, na pia Profesa Vardaxis aliyeketi pale nyuma, ambaye wiki ya mwisho alikuja wodini, akavua kofia akamwambia, "Argiro, ulikuwa sahihi," naye kwa sauti iliyobaki akauliza, "Mara ipi?" na mzee akalia, akajibu, "Zote mbili."

Pumzika kwa amani, shemeji, sasa tumeelewa.