Kitambaa cha Kijani Alichokingojea

Nitaongea nikiwa nimekaa, miguu hii ya sukari haipendi hotuba. Mdomo hauna shida, mnaujua.

Ndugu zangu, sheria ya kikundi chetu hiki cha wagonjwa wa sukari mnaifahamu: hufungwi kitambaa cha kijani mpaka uwe umehudhuria kliniki nusu mwaka. Mume wangu alipopatikana na sukari, mimi nilikuwa mwanachama tayari. Akaniomba nimwingize. Nikamwambia, "Baba, ngoja zamu yako." Akangoja, na akafariki akingoja.

Baadaye watu wa utafiti wakatusomea matokeo: wenye kitambaa hawafariki sana kama wasio nacho. Tukapiga vigelegele, hata mimi. Kufika nyumbani, shemeji akaniuliza mbele ya mama mkwe, "Kwa hivyo ni wewe ulimfungia mlango?"

Nawaambia, niliumia. Nikaacha kuja hapa. Hata sindano nikaanza kuziruka, nikisema, mimi niishi kwa nini?

Mwenyekiti alipoona siji, akamleta binti mmoja wa wale watu wa utafiti mpaka kwetu Rangwe. Shemeji na mama mkwe wakakaa pia. Binti akasema, "Mama, tulihesabu vibaya. Tulianza kuhesabu kila mtu tangu siku yake ya kwanza kliniki. Lakini huwezi kuitwa mwanachama kama hujamaliza nusu mwaka ukiwa hai. Aliyefariki akingoja, tulimweka kwa wasio wanachama. Kikundi kikapata sifa ya miezi ile ya kungoja, ambayo kilikuwa bado hakijampokea mtu."

Shemeji akauliza, "Sasa kikundi hakisaidii?"

"Kinasaidia. Tumehesabu upya, tukaanza na wale wote waliofika nusu mwaka wakiwa hai, wenye kitambaa na wasio nacho. Tofauti ipo, ila ni ndogo. Na huyu mama hakumnyima mumewe uhai."

Nililia mpaka kamasi, siwafichi. Mama mkwe akaingia chumbani kwangu, akatoka na kitambaa, akanifunga mwenyewe. "Nyar Awendo," akasema, akiniita binti wa kwetu nilikozaliwa, "kesho ni kliniki."

Leo nimenona, si mnaona? Mwenyekiti, erokamano, asante sana. Binti yetu, asante kwa kurudi kusema mlikosea, wengi hawarudi. Nanyi mkisikia waliofika wakisifiwa, ulizeni kwanza habari za walioanza nao safari.

Mzee wangu hakufungiwa mlango na mtu. Alikuwa bado yuko njiani anakuja.