Kisanduku cha "Sijui"

Ndugu waombolezaji, nani kati yenu amezaliwa Januari mosi? Nyosheni mikono, msione haya, na mikono ikizidi viti mjue si mama zenu waliopatana kujifungua siku moja, ni kompyuta.

Marehemu mzee wetu, ambaye wengi mlimwita Baba Sijui, alizaliwa mwaka 1958, wakati wa mvua, katika chumba nyuma ya karakana ya reli, tarehe hatuisomi kwa sababu haijulikani, mama yake alikumbuka tu kwamba paa lilivuja na mkunga alinung'unika mpaka mwisho, na marehemu maisha yake yote hakukubali kubambikiwa siku isiyo yake.

Alisoma shule ya msingi 1966 hadi 1972, sekondari hadi 1976, akajifunza uchapaji, na tarehe 4 Mei 1979 akaajiriwa katika kiwanda cha chapa kupanga fomu za karatasi. Mwaka 1993 alihamia kitengo cha kompyuta cha hospitali kuu, akatengeneza skrini za kuandikisha wagonjwa, na ya kwanza, tuseme ukweli, ilikuwa balaa, kitufe cha kufuta alikiweka ubavuni mwa kitufe cha kuhifadhi, karani mmoja wa mapokezi akapoteza kazi ya asubuhi nzima, akapanda ngazi na kumuuliza mbele ya wenzake, "We kaka, kwenu sumu ya panya mnaiweka karibu na sukari?" Marehemu alivitenganisha vitufe mchana huohuo, na tarehe 17 Juni 1995 akamwoa karani huyo, ndiye mjane wetu aliyekaa pale, na tangu hapo hakuna skrini iliyotoka kabla mama huyo hajaijaribu na kusema, "Haya, hii hata mwenye homa ataielewa."

Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza fundi umeme, wa pili mwalimu, wa mwisho ana digrii ya mifumo ya kompyuta, na hadi leo kazi yake ni kujaza fomu za online za kuomba kazi, zinazogoma kusonga mbele mpaka umtaje mwajiri wako wa sasa.

Alichojivunia marehemu ni kisanduku kidogo, pembeni mwa tarehe ya kuzaliwa, kilichoandikwa Sijui, asiyejua siku yake alikitia alama, akaulizwa jina la mama yake ili asichanganywe na mwingine, akapita. Alistaafu mwaka 2018. Mwaka 2021 wakaja wataalamu na suti zao na slaidi zao, eti mfumo mpya ni user-friendly, friendly kwa nani, jamani? Kisanduku wakakiondoa, eti kinachafua data, tarehe ikawa mandatory, marehemu akaenda kulalamika, akaambiwa maoni yake ni muhimu sana.

Tarehe 3 Machi mwaka huu aliishiwa nguvu, akafikishwa hospitali ileile, skrini ikadai siku na mwezi, karani wa watu akamsihi, "Mzee, taja yoyote tu," yeye akajibu, "Sijui," mpaka mjane akafoka, "Mzee wangu, leo si siku ya kuwafundisha kazi! Dada, weka Januari mosi!" Ikawekwa. Wodini alikuwemo mzee mwingine, jina lilelile, mwaka uleule, naye kabambikiwa Januari mosi, majibu ya damu ya marehemu, yaliyoonyesha figo zimechoka, yakaingia katika faili la mwenzake, ya mwenzake yakaja kwake, na kosa lilipogundulika tarehe 6 alikuwa ametibiwa ugonjwa wa mtu. Alifariki tarehe 8 Machi, saa kumi alasiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hatuwalaumu, walisoma walichoonyeshwa, tunawashukuru majirani kwa viti na maturubai, na wenzake wa kitengo cha kompyuta waliobeba jeneza. Cheti cha kifo kimetoka jana, nacho kinasema alizaliwa Januari mosi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali, tumekuona safu ya mbele, na shada la maua tumelipokea, ni zuri, lakini hatukuomba maua. Sahihisheni cheti hicho, na rudisheni kisanduku kabla mzee mwingine hajafika pale dirishani. Wewe, Baba Sijui, lala kwa amani, umechoka. Nyinyi mliokiondoa, msilale mpaka kirudi.