Asubuhi Mitambo Inapozimwa Nanyala

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu Bi. Nuria Abdulswamad, Meneja wa kiwanda, Ndugu Makene, viongozi mliofuatana na mgeni kutoka makao makuu Tunduma, na wafanyakazi wenzetu wote:

SALAMU NA MAKARIBISHO

Karibu sana Nanyala. Mgeni rasmi, tangu kiwanda hiki kianze kukoboa kahawa, wageni wakubwa huishia ofisini. Wanaoneshwa kahawa kwenye sahani, wanapiga picha, wanarudi Tunduma. Leo wewe umepita ofisi ukaja mpaka kwenye meza zetu, vumbi la maganda limekukaa kwenye mtandio, na umeketi kwenye benchi tunaloketi sisi. Tumeduwaa, na hatuna sababu ya kuficha.

Risala hii tumeitunga sote, tukamchagua mwenzetu Ferista aisome. Humu ndani yeye mwenyewe anatajwa. Aliomba jina lake litolewe, tukamkatalia. Kwa hiyo ukimwona anasita mahali, mvumilie, maana anajisoma kana kwamba anamsoma jirani.

TULIKOTOKA

Sisi ni wachambuaji na wapakiaji. Kahawa ikitoka kwenye mitambo, tunatoa punje nyeusi na zilizovunjika, nzuri tunazifunga kwenye magunia. Mitambo hunguruma tangu asubuhi mpaka jioni. Ukiwa na neno la kumwambia mwenzako unamwekea mdomo sikioni, au unalitunza mpaka saa ya chakula, na wakati huo umeshalisahau.

Matangazo ya ofisi yalikuwa yanabandikwa ubaoni, na ubao uko kwenye korido ya ofisi. Korido hiyo sisi tumekatazwa kuikanyaga na aproni za vumbi. Wakubwa wana kundi lao la Wasapu. Sisi habari za kiwanda chetu tulizipata kwa Sufiani, dereva wa lori, naye alizipata kwa mama lishe wa Tunduma, na mama lishe hatujui alizipata kwa nani. Saa za zamu zilipobadilishwa, watu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, walijua kabla yetu. Tulikuwa tunacheka tu, tutafanyaje.

MSIBA TULIOUPELEKA SISI

Mgeni rasmi, hapa ndipo Ferista alipotaka turuke.

Msimu uliopita Meneja hakuonekana kazini siku kadhaa. Tulijua mama yake mzazi, Bibi Kabula, ameletwa kutoka Momba akiwa mgonjwa wa macho. Kisha Sufiani akaja akasema ametumwa kupeleka turubai na viti nyumbani kwa Meneja, njia ya Mbozi Misheni. Ferista akaweka chini punje alizoshika. Turubai, viti, mama mgonjwa. Nani angehitaji kuambiwa zaidi? Alipita meza kwa meza akitukata sikio kwamba Bibi hatunaye tena.

Tulifanya kama watu wa huku tufanyavyo. Jumamosi kila mmoja alibeba alichonacho, huyu beseni la unga, yule maharage, wanaume wakajitwisha kuni. Tulipokaribia nyumba Ferista akaanzisha wimbo wa maziko, sisi tukaitikia. Yeye alitangulia. Aliona watu wameketi chini ya turubai, akafumba macho, akaangua kilio, akaenda kuanguka miguuni pa mama mmoja aliyekaa mbele kwenye kiti kilichopambwa.

Mama yule akamshika bega akamuuliza: "Mwanangu, unamlilia nani?"

Ferista akainua uso. Alikuwa Bibi Kabula mwenyewe, kavaa gauni jipya, macho yake yanaona vizuri kabisa.

"Ninakulilia wewe, mama," akasema.

Ilikuwa sherehe ya shukrani, macho ya Bibi yamepona. Na jambo lililotumaliza nguvu ni kwamba sisi sote tulikuwa tumealikwa. Mwaliko ulibandikwa ubaoni, koridoni, na wiki nzima hatukuuona.

Ferista alitamani ardhi ipasuke immeze. Sisi nyuma yake tulisimama na kuni zetu, wimbo tumeuacha katikati. Bibi alicheka mpaka akajifuta macho yake mapya, akaagiza unga upokelewe upikwe palepale. Halafu akamgeukia mwanaye, na kicheko kikawa kimemwisha.

"Makene, hawa wameacha nyumba zao wakaja kunizika. Watu wa namna hii unaongea nao saa ngapi?"

Meneja alitazama chini. Tulimwonea huruma, kwa kweli, maana hakuna mtu mzima anayependa kuulizwa hivyo na mama yake mbele ya watu.

MAFANIKIO

Jumatatu yake tukiwa mezani, mitambo ilizimika. Tulidhani umeme umekatika. Ngurumo iliposhuka ikaisha kabisa, tukasikia ndege wanatembea juu ya bati. Mgeni rasmi, wengine wetu tumezeekea humu ndani, na hatukuwahi kujua kwamba juu ya bati letu kuna ndege. Ferista anasema aliogopa hata kukohoa. Meneja akaja akasimama katikati ya meza akasema mitambo ameizima yeye, ili tusikilizane.

Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya kuanza kazi, anatueleza ya siku na kutuuliza ya kwetu. Tumejua mkanda upi ni mbovu kabla haujamuumiza mtu. Mpakiaji aliyekuwa akinung'unika pembeni siku hizi ananung'unika hadharani, na mara nyingi anasikilizwa.

Si kwamba tumeambiwa matamu tu. Asubuhi moja Ferista aliuliza juu ya lile sanduku kubwa lililofunikwa turubai ghalani, ambalo kila mtu alilizunguka bila kulitaja. Meneja angeweza kupiga chenga. Alisema ni mashine ya kuchagua punje kwa rangi, itafungwa msimu huu ukiisha, na meza za upande wa dirishani zitaondolewa. Ferista anakaa dirishani.

Hakulia. Alimwuliza kwa nini anawaambia mapema hivyo, wakati angeweza kungoja kahawa yote iishe.

"Kwa sababu mvua bado," Meneja akajibu. "Mwenye shamba apate muda wa kuliandaa."

Jioni ile Ferista alitembea mpaka kwao akiwa na uchungu, na juu ya uchungu alikuwa na mshangao ambao hakuweza kuueleza vizuri nyumbani. Alimwambia mumewe: nimeambiwa. Mume akauliza umeambiwa nini, naye akarudia tu kwamba ameambiwa, usoni, kama mtu. Kesho yake aliingia kazini mapema kuliko wote, na shamba leo lipo tayari.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni moja. Tumesikia kwamba makao makuu mnataka kuondoa kikao hiki cha asubuhi, kwa sababu mitambo ikichelewa kuwashwa kazi nayo inachelewa. Hatukuambiwa na mtu wa ofisi. Tumeletewa na Sufiani, aliyeletewa na mama lishe. Unaona, mgeni rasmi, tunaanza kurudi kulekule.

MAOMBI

Tunaomba tuachiwe asubuhi yetu. Muda unaopotea tutaulipa kwa mikono, na tukishindwa tuambiwe. Tunaomba pia ubao utolewe koridoni usimamishwe getini, tunapopita sisi na vumbi letu.

Ferista ameomba neno lake liingie, nasi tumeliweka kama alivyolisema. Anasema ombi hili haliombei nafsi yake. Msimu ukifungwa yeye na wenzake wa dirishani wanaondoka, na mitambo ikizimwa mwakani hatakuwepo kusikia ndege. Anawaombea watakaobaki. Hataki hata mmoja wao ayajue maisha yake kwa kusimuliwa na mpita njia.

Na kama jibu lako ni hapana, tunakuomba usilipeleke ubaoni. Tuambie wewe, hapa, kwa mdomo wako. Tutaumia, lakini tutakuheshimu.

MWISHO

Mwenyezi Mungu akulinde barabarani, ailinde nyumba yako na kazi ya mikono yako, na Bibi Kabula azidi kuona.

Ni sisi, wachambuaji na wapakiaji wa kahawa, Nanyala.

Ferista amemaliza kusoma. Mitambo Meneja ameiacha imezimwa. Mgeni rasmi, tunakusikiliza.