Kazi ya Siri ya Mama Kulthumu

Taksi ilipotoka mjini Baraka kuelekea Lweba, mama aliyekaa mbele yangu alimnong'oneza jirani yake, baba mmoja mwenye mfuko wa unga wa mihogo. Alinong'ona kwa sauti ambayo hata dereva aliisikia.

"Baba, mi niko mufanyakazi wa serikali. Shefu alinipatia kazi ya siri, nichunge mwenzangu Asukulu, eti anatorokaka biro, pale ofisini kwetu. Nikimupoteza machoni, mi ndiye nitafukuzwa."

"Na anatorokaka kweli?"

"Sana! Hata sasa iko Lweba, ananunua samaki ya ndagala. Niko namufuata."

Baba akakuna kidevu. "Basi mama, hata we umetoroka."

"Mi niko kazini!" akafoka.

"Na kule biro, nani amebaki?"

Mama akageukia dirisha, akaanza kumtafuta Asukulu barabarani.

"Na Asukulu hajue kama unamufuata?" baba akauliza tena.

"Atajulia wapi? Mi niko mujanja."

Taksi ikasimama Lweba. Kando ya barabara alikuwepo mwanaume mwenye beseni la ndagala, akichungulia kila dirisha.

"Mama Kulthumu!" akaita. "Shefu aliniambia nikuchunge; leo umechelewa hivi, mi nitamuambia nini?"